Mguu wa Nyuma wa Kushoto

Goma, Jumapili, baada ya misa

Mwanangu Mumbere,

Umekwenda Murara kuaga rafiki zako, na mama yako amekaa mlangoni anakunja shati lako kwa mara ya nne. Mambo ya sabuni na ya blanketi na ya kusalimia wakubwa amekwisha kukuambia, na kesho asubuhi atakuambia tena yote lori likiwa linanguruma. Mimi hapo sina la kuongeza. Nimechukua daftari lako la shule lililobaki kurasa, nimeketi juu ya sanduku la vyombo vyangu, na nataka kukuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yako. Barua hii utaisoma Kibumba, pale lori linaposimama ili injini ipoe. Ukiimaliza utaamua mwenyewe kama unaendelea na safari au unarudi nyumbani.

Unanijua. Unajua kwamba ninahesabu misumari kwenye aproni yangu asubuhi, mchana na jioni, na ukipungua mmoja ninamtazama kila mtu usoni. Jirani akinisalimia mara mbili kwa siku moja, ninauliza anataka nini. Katekista alipotuletea kuku mwaka jana, nilimgeuza yule kuku huku na huku nikitafuta ugonjwa, kumbe mtu wa watu alikuwa anafurahia tu komunyo ya dada yako. Mama yako anasema nikifika mlango wa mbinguni nitamwomba mtakatifu Petro anionyeshe karatasi zake. Mnacheka, na mimi wakati mwingine ninacheka pamoja nanyi. Lakini kuna mahali tabia hii ilipoota mizizi, na ni mahali penye aibu.

Kesho unakwenda Rutshuru kujifunza kazi ya kwato kwa muzee Habimana. Wewe unamjua kwa sifa tu: fundi anayetunza farasi wote wa shamba kubwa la kahawa, hana mtoto wa kiume, na mgongo wake umeanza kuchoka. Hujui kwamba alifanya kazi hapa Goma miaka minne, kwenye zizi hilihili ninalokwenda kila asubuhi, ubavuni pangu. Ulikuwa mdogo, ndiyo kwanza umeanza shule. Hujui pia kwamba aliondoka kwa sababu yangu.

Nilipotoka Lubero kuja huku sikuwa nimegusa mnyama mkubwa kuliko mbuzi. Nilijua chuma. Mjomba wangu alikuwa mfua majembe, na patron mwenye zizi alinichukua kwa sababu niliweza kukunja kiatu cha farasi kikamkaa bila kukirudisha motoni mara tatu. Habimana yeye alikuwa amekulia nyuma ya ng'ombe wa baba yake, na kwa wanyama hakuwa na hofu hata kidogo. Siku yangu ya kwanza nilisimama mbele ya farasi nikashindwa kumsogelea. Alinijia polepole, akanishika kiwiko.

"Usimushike na nguvu," aliniambia. "Muwekee mukono hapa kwa bega, umuache akujue kwanza. Farasi anajua mutu mwenye kuogopa."

"Na kama ananipiga teke?"

"Basi utajua naye amekujua."

Ndivyo nilivyofundishwa, kwa mzaha na kwa subira. Alinionyesha kuchokoa mawe kwenye kwato kila siku kabla ya farasi kutoka na baada ya kurudi, kwa sababu haya mawe yetu ya volkano ni makali, yanajificha kando ya ile nyama laini ya katikati na kuikata taratibu. Alinionyesha kunusa ukwato, maana ukianza kuoza unatoa harufu kabla jicho halijaona kitu. Kila wiki ya sita tulivua viatu vya zamani, tukakata ukwato ulioota, tukasawazisha kwa tupa, tukapima kiatu kikiwa cha moto mpaka moshi ukatufanya tukohoe sote wawili. Kazi nzuri, mwanangu. Mchana tulikula pamoja ndizi kwenye sahani moja.

Tukagawana miguu. Hilo hakutuagiza mtu, lilijitokeza lenyewe, kisha likawa sheria ya zizi ambayo kila mtu aliijua, tangu patron mpaka wakata majani. Miguu ya mbele ilikuwa yangu, ya nyuma ilikuwa ya Habimana. Miguu ya nyuma ndiyo yenye mateke. Alijichukulia yeye ile ya hatari ili mimi mgeni nisivunjwe mbavu. Leo ninaliandika hili wazi hivi, lakini wakati ule, baada ya mwaka mmoja hivi, nilianza kuliona kwa jicho lingine. Nikasema moyoni, huyu anachukua ya nyuma ili patron amwone shujaa. Nikaanza kumwangalia.

Alikuwa na desturi ya kuzungumza na farasi kwa Kinyarwanda akiwa ameuweka mguu juu ya paja lake. Anasema chini kwa chini, neno lilelile mara nyingi, kisha farasi anashusha masikio na kutulia. Mimi Kinyarwanda sikukijua. Nikashuku kwamba ananisema. Naam, cheka. Mtu mzima, mwenye mke na mtoto, nilishuku kwamba mwenzangu ananisengenya kwa farasi! Ninapopita anasema lile neno, nami ninajisemea, ndilo hilo jina alilonipa. Nikaacha kula naye sahani moja. Aliniuliza kama tumbo linaniuma. Nikamwambia ndiyo.

Sasa sikia siku yenyewe. Patron alikuwa na wageni kutoka Gisenyi, na mchana ule walitaka kupanda farasi kando ya ziwa. Farasi wa madame, mke wa patron, alikuwa jike jeusi waliyemwita Bichette. Asubuhi tulikuwa tumempiga viatu vitatu, ukabaki mguu wa nyuma wa kushoto, wa Habimana. Hapo patron akamtuma Habimana awapeleke farasi wengine wawili ziwani wakasimame majini, kwato zao zilikuwa zimekauka mno. Akaondoka akisema atamaliza akirudi. Hakukawia, ila wageni walifika mapema. Patron akaja zizini amevaa buti, akauliza kwa nini Bichette bado.

Ningeweza kusema, Bwana, ngoja kidogo, huo mguu si wangu. Sikusema. Kwanza niliogopa. Tena, na hii ndiyo sehemu mbaya zaidi, nilifurahi. Niliona nafasi ya kuonyesha kwamba miguu ya nyuma si miujiza. Nikauinua mguu, nikaupiga kiatu.

Hapa nikufundishe kitu ambacho Habimana atakufundisha vizuri kuliko mimi. Ukwato una sehemu iliyokufa na sehemu iliyo hai, na kati yake kuna mstari mweupe mwembamba. Msumari unaingia nje ya mstari huo na kutokea ubavuni, upana wa kidole kimoja hivi juu ya kiatu. Ukipita njia yake, nyundo inalia kavu, na kila pigo linalia kavu kuliko la kwanza. Ukiingia kwenye uhai, sauti inalegea kama unapigilia muhogo mbichi, na farasi anashtuka. Fundi mwenye akili anauchomoa palepale, anaosha tundu kwa maji ya chumvi, na siku hiyo farasi hatoki.

Msumari wa nne ulilegea, Mumbere. Niliusikia. Bichette alivuta mguu, nami nikambana kwa nguvu, nikaukunja msumari ncha yake, nikapitisha tupa juu ukang'aa. Patron alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama saa, wala hakuangalia ni mguu upi. Sikukosea kwa kutojua. Nilijua, nikaufunika.

Wakaondoka. Habimana akarudi na farasi wake wanaotiririka maji, akaona nafasi ya Bichette iko wazi.

"Nani amemaliza?" akaniuliza.

"Miye."

"Alikubali?"

"Alikubali."

Akanitazama kidogo, akaenda kuwafuta farasi.

Kabla jua halijashuka madame alirudi kwa miguu, amekasirika, akimvuta Bichette aliyekuwa anachechemea kwa mguu wa nyuma wa kushoto. Patron akatuita sote. Habimana alisema kwa sauti ya kawaida, "Bwana, miye nilikuwa kule ziwani." Patron, ingawa ndiye aliyemtuma, hakumwangalia hata. Alikuwa na haya mbele ya wageni wake, na mtu mwenye haya anataka jibu fupi. Akanigeukia mimi.

"Miguu ya nyuma ni ya nani?"

Nikasema, "Ni ya Habimana, Bwana."

Kila mtu pale alijua ndivyo. Ndiyo maana nililichagua lile jibu. Nimejitetea nalo miaka hii yote, kwamba niliulizwa desturi nikajibu desturi. Nilimtupia mwenzangu mguu wangu. Habimana aliningoja. Alinitazama na kuningoja niongeze neno, nami nikainama nikaokota tupa.

Wakamfukuza jioni ileile, wakamwandikia vibaya kwenye kitabu chake cha kazi, ili asipate zizi lingine. Unajua alifanya nini kabla ya kuondoka? Alirudi kwa Bichette. Akavua kile kiatu, akachomoa msumari wa nne, ukatoka mweusi na umelowa. Akautumbukiza mguu ndani ya ndoo ya maji ya moto yenye chumvi, akaushikilia huko akisema lile neno lake, tena na tena, mpaka farasi akaacha kutetemeka. Kisha akauweka msumari juu ya fuawe mbele yangu, akachukua koti lake. Msumari huo ninao. Uko chini ya sanduku hili nililokalia.

Bichette alipona. Wiki chache baadaye nilikuwa sokoni, nikamsikia mama mmoja muuza maharagwe akimwambia mtoto wake anayelia neno lile la Habimana. Nikamuuliza maana yake. "Humura?" akasema. "Ni kusema, usiogope." Nilisimama pale na kapu langu kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Miaka yote ile nilidhani ni jina baya alilonipa.

Ungefikiri baada ya hapo niliacha kushuku. Wapi! Ndiyo kwanza kuliongezeka, maana sasa nilikuwa na sababu. Nilijua kuna mtu duniani anayenidai ukweli, na kila uso ulianza kufanana na wake. Dada yako alipozaliwa, dereva mmoja alituletea chungu cha siagi kutoka Rutshuru. "Habimana anawapongeza," akasema. Mama yako alikuwa ametoka uzazini, alikuwa na hamu ya siagi ile. Nilimwambia imeharibika. Nilikwenda nayo nyuma ya nyumba nikampa mbwa, nikachuchumaa kumwangalia kama atakufa. Mbwa alilamba chungu, akalala, akaamka, na siku tatu nzima alinifuata akitaka nyingine. Mke wangu alikula ugali wake mkavu, na mimi nilimtazama akila. Hilo pia sijapata kumwambia.

Basi mwezi uliopita dereva huyohuyo akaja na salamu nyingine. Habimana alipata kazi shamba la kahawa, kwa sababu farasi wa kule walikuwa wagonjwa na patron wa kule alitaka mikono kuliko karatasi. Sasa anaomba mtoto wangu wa kwanza akajifunze kwake. Na akasema nipewe neno hili kama lilivyo: "Mwambie, kwetu huku mutu mumoja anafanya miguu yote ine."

Nimeligeuza neno hilo zaidi ya yule kuku wa katekista. Nilimsikilizisha mama yako bila kumwambia kisa.

"Anakuambia mutoto atajifunza kazi yote, haiko nusu," akasema. "Njo maana yake. Weye unatafuta nini tena?"

Mimi ninasikia kitu kingine. Ninasikia kwamba kwake hakuna mtu wa kutupiwa mguu wa mwenzake. Saa nyingine ninasikia msamaha humo. Saa nyingine ninasikia mtego. Nawaza kwamba atakukalisha miaka miwili akufundishe vibaya, kisha akurudishe nyumbani fundi kilema, tuwe sawa. Au hatakufanya chochote, ila siku moja, mnapokula, atakusimulia baba yako ni nani, nawe utamwamini, maana atakuwa anasema kweli. Hili la pili ndilo linaloninyima raha. Ninaogopa kukupoteza kwa mdomo wa mtu mwingine. Afadhali nikupoteze kwa mkono wangu mwenyewe, na ndiyo sababu daftari lako limekwisha kurasa.

Ushauri wa kukupa ni mdogo, na nimeupata kwa njia hiyo uliyoisoma. Farasi akichechemea, usiulize nani alimgusa. Fungua kwanza kiatu ulichokipiga wewe. Ukikuta kizima, ndipo uangalie cha mwenzako. Na msumari ukilegea chini ya nyundo, uchomoe, hata kama nyuma yako amesimama gavana na saa yake. Watakukasirikia mchana mmoja. Mimi patron hakunikasirikia hata kidogo, alinipa kazi ya ufundi mkuu, na tangu siku ile nimekuwa nikipiga miguu yote minne peke yangu hapa Goma, nikihesabu misumari.

Nilikuwa nimepanga kumalizia hivi: nikufungie ule msumari kwenye kitambaa, ukifika umpe Habimana, umwambie papa ameomba radhi. Nimekiandaa kitambaa chenyewe, hiki hapa gotini. Lakini tangu nilipoandika lile neno, kwamba nilimtupia mguu wangu, kalamu imekuwa nzito. Nikikutuma wewe ukaseme, ninafanya nini tena kama si kilekile? Ninakutupia wewe mguu uleule, safari hii mtoto wangu, ukasimame mbele ya mtu mimi nikiwa Goma nimeinama naokota tupa.

Hivyo nakuungamia uongo wangu wa mwisho, maana nimechoka nao. Nilimwambia mama yako kwamba patron amekataa kunipa ruhusa ya kukusindikiza. Si kweli. Karatasi ya safari ya siku tatu ninayo mfukoni tangu Alhamisi, imegongwa muhuri. Niliogopa tu.

Barua hii nitakupa leo ukirudi, usingoje Kibumba. Isome nje, si mbele ya dada yako. Ukitaka kunikasirikia, kasirika. Ila ndani ya lori, mbele ya abiria na magunia yao, usinisemeshe habari hii. Tukifika nitashuka kwanza mimi. Mwambie mama yako, kwenye mfuko wako, aweke na shati langu moja.

Na Habimana akitutolea siagi, wewe ngoja kidogo. Nitakula mimi wa kwanza.

Papa yako